Windows, Mac au Linux: ipi ni salama zaidi?

Ndugu, nimekuelewa: kompyuta yako ya Windows 10 imeingiwa na virusi mara mbili, na rafiki amekushauri uhamie Linux, mfumo endeshi mwingine wa kompyuta, kwa kuwa "haishikwi na virusi". Hilo si kweli; hakuna mfumo usioshambuliwa. Mwaka 2012 kirusi cha Flashback kiliambukiza Mac zaidi ya 600,000, na mwaka 2024 mlango wa siri wa kuwaingizia wadukuzi uligunduliwa ndani ya XZ Utils, programu inayotumika kwenye Linux nyingi. Windows inaandamwa zaidi hasa kwa sababu ina watumiaji wengi.

Kinachonitia wasiwasi ni hiyo Windows 10 yenyewe. Microsoft ilikomesha msaada wake wa kawaida, yaani masasisho ya kuziba matundu ya usalama, Oktoba 14, 2025. WannaCry ya Mei 2017, programu hasidi iliyofunga mafaili ya watu na kudai fidia, ilipenya kwenye tundu la Windows ambalo Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka (sasisho la kuliziba) tangu Machi; wengi walioumia hawakuwa wamesasisha. Kwa hiyo, mashine yako ikikubali Windows 11, ipandishe. Ikikataa, Linux Mint au Ubuntu, ambazo ni aina za Linux, zitakufaa sana, ila hakikisha kwanza programu zako za kazi zinapatikana huko.

Popote utakapohamia, kazi za kila siku usizifanyie kwenye akaunti ya msimamizi (administrator), na programu za kukraki (za kulipia zilizovunjwa kufuli ili zitumike bure) achana nazo kabisa. Weka nakala ya mafaili kwenye diski ya nje, uichomoe ukimaliza.

Na kama uliwahi kuingia benki kwa kompyuta hiyo, badilisha nywila leo hii kwa kutumia kifaa kingine, uwajulishe benki, ndipo ushughulikie mfumo endeshi.