Unataka Kumchukua Kijana Anayelala Nje? Soma Hapa Kwanza

Wiki iliyopita dada mmoja mwenye duka Sinza ameniandikia ujumbe mrefu. Kuna kijana analala kwenye kibaraza cha fremu yake. Anasema ana miaka 17. Asubuhi anamfagilia na kumchotea maji, na masika ndiyo hayo yameanza. "Dada, roho inaniuma. Nina chumba cha uani kimejaa makatoni tu. Nimchukue? Naogopa." Ujumbe wa namna hii naupata sana, na huwa najibu juu juu kwa sababu ya pilika. Leo nijibu kwa kirefu, maana najua wengi mnaonisoma nia mnayo, na chumba mnacho.

Nianze na furaha yangu. Kijana wangu mkubwa, kati ya wale tuliowachukua mtaani, amehamia kwake mwezi huu. Kapanga chumba Vingunguti, kodi ya miezi sita kalipa mwenyewe kwa pesa ya kuchomelea mageti. Huyu ni mtu aliyekuwa akilala Kariakoo, huku Msimbazi na Kongo, juu ya maboksi ya wenye maduka ya jumla. Leo ana mkataba wenye sahihi yake. Niliusoma mstari kwa mstari na nikalia mbele ya mwenye nyumba bila kuona haya. Naringa, na nina haki ya kuringa.

Alikuja kwetu Buguruni kupitia baba watoto, ambaye alikuwa akimpa mizigo ya kubeba. Usiku wa kwanza tulimtandikia kitanda, shuka safi, neti tukaichomekea. Asubuhi nikamkuta sakafuni, mgongo kauegemeza ukutani, uso kauelekeza mlangoni, na kamba za raba zake kazifunga kwenye kiganja cha mkono. Kitanda hakijaguswa. Nilipomuuliza akajibu bila kunitazama: "Mama, ukilala juu usingizi unakuzidi." Alikotoka, viatu vinavuliwa miguuni mwa mtu aliyelala, na hayo ni madogo kuliko mengine wanayofanyiwa usiku. Kwa hiyo usiku wanakesha, wanalindana, mchana ndiyo wanajiibia usingizi vichochoroni. Halafu sisi tunapita tunasema angalia vijana wavivu, saa nne asubuhi wamelala.

Wakubwa wa familia wakaniambia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nikakataa. Nilimwacha alale. Akiamka anakula, anaoga, analala tena. Ndugu zangu, mwili wa mtu aliyekaa macho kwa miaka hauwezi kupona kwa siku tatu. Ukimpa ndoo na fagio kabla hajalala, atakufanyia kazi kwa hofu, na siku hofu ikiisha ataondoka.

Kitandani alikuja kupanda mwenyewe, sikumlazimisha.

Sasa nisikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo wengi wenye moyo mzuri wanapokwama. Watu wanadhani shida ni paa. Paa linahitajika, tena sana, ila kijana aliyezoea mtaa anaweza kuwa na kitanda na bado akarudi Kariakoo, kwa sababu kule ndiko waliko watu wanaomjua. Wangu alitoroka si mara moja. Ndugu zake wa mtaani walikuwa kule, na alipopata homa zamani, wao ndio waliomnunulia dawa. Huwezi kushindana nao kwa shuka safi. Utashindana nao kwa kuwepo. Akirudi usiku wa manane ananuka pombe, sahani yake iko mezani imefunikwa. Kesho yake, akiwa na akili zake, namuuliza: ulikuwa wapi, umekula, nani kakuumiza hapo usoni? Tulikuwa na masharti, na hayakubadilika: dawa za kulevya haziingii, mkono hauinuliwi kwa mtu, na ukitaka kulala nje unaaga. Alipoyavunja tulimsema, tena kwa ukali. Ila kitasa sikukibadilisha, na ufunguo wake sikumnyang'anya. Usifanye nyumba iwe zawadi ya tabia njema. Mtoto uliyemzaa akikosea humpeleki akalale stendi.

Tena asiwe na mtu mzima mmoja. Mimi nilikuwepo, baba watoto alikuwepo, na akapatikana mzee mmoja fundi wa kuchomelea kule Tabata aliyemchukua karakana. Mzee yule si mtu wa maneno mengi. Lakini siku kijana hajatokea, saa tatu asubuhi ananipigia: "Mwanao leo simwoni, kulikoni?" Simu ile ina thamani kuliko misaada yote tuliyowahi kuahidiwa. Tena VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunzia kazini, anapimwa na kupewa cheti bila kuanza darasani upya. Wangu kacheti kake kapo, kalaminetiwa.

Mambo ya karatasi yananichosha hata kuyasimulia, ila msiyaruke. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na mtoto huwezi kumwingiza ndani kimyakimya hata ukiwa na nia ya malaika. Nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha kwa afisa ustawi wa jamii. Kama hujui pa kuanzia piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure. Kama kuna kupigwa au kuingiliwa kimwili, kituo cha polisi ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Afisa ustawi atataka kutafuta kwao, na usimkasirikie. Pengine kuna bibi huko Singida anayelia kila siku akidhani mjukuu amekufa.

Akishavuka 18 ndipo taabu inapogeuka sura. Makao ya watoto hayamhusu tena, na polisi wanaweza kumkamata kwa uzururaji. Barua ya serikali ya mtaa inayosema huyu ni mkazi wetu ilitusaidia sana. Halafu NIDA, yaani kitambulisho cha taifa. Bila NIDA hasajili laini kwa jina lake, bila laini hana pa kuweka pesa, pesa inakaa kwenye soksi, na ya kwenye soksi inaibwa akilala. Mnaowaambia vijana hawa "jiwekeeni akiba", anzeni kwa kumsindikiza mmoja kwenda kutafuta cheti cha kuzaliwa.

Kama kijana wako anatumia heroini usijifanye daktari. Muhimbili wana kliniki ya methadoni tangu 2011, na Mwananyamala na Temeke zipo pia. Mpeleke, msindikize tena kesho, na keshokutwa.

Na wasichana tusiwasahau kwa sababu hawaonekani barazani. Wengi ni dada wa kazi waliofukuzwa usiku na begi mkononi, hawajui hata daladala ya kwenda Mbezi kwenye basi la kwao. Huyo analazwa palipo na mwanamke mtu mzima, mlango wake unafungwa kwa ndani, na hilo halina mjadala.

Niseme na linaloniuma. Wifi yangu alisimama msibani, mbele za watu, akasema nyumba ya kaka yake imegeuzwa kambi ya mateja. Kijana alikuwa pale pale, anagawa maji. Nimesamehe, lakini sijasahau. Na kuna shirika moja lilikuja kwetu na kamera, vijana wakapangwa mstari, wakaambiwa washike mabango, tukaahidiwa vitanda vya chuma. Vitanda hadi leo hatujaviona. Kijana wangu mdogo aliniuliza kama picha yake itafika kwao, kwa sababu alikotoroka kuna mtu anayemwogopa. Jamani, acheni kupiga picha watoto wa watu! Ukitaka kusaidia leta godoro, kaa, kunywa chai, uliza jina lake, kisha rudi wiki ijayo.

Hilo la kurudi ndilo gumu kwetu. Ramadhani tunapika futari, Krismasi tunapeleka pilau, na ni jambo jema, Mungu atulipe. Lakini vijana hawa wanaijua kalenda yetu kuliko sisi. Wanajua mwezi wa kupendwa na miezi ya kufukuzwa. Msikiti wenu una waumini wangapi wenye chumba cha uani? Kanisa lenu lina mafundi wangapi wanaoweza kumpokea mwanafunzi mmoja? Hatuombi muokoe jiji. Mtu mmoja, kijana mmoja, na usichoke mwezi wa tatu, maana mwezi wa tatu ndipo atakapokujaribu.

Dada wa Sinza, sasa wewe. Kesho usimwambie habari ya kuhama. Mpe chai, kaa naye hapo kibarazani, muulize kwao ni wapi na alikuja na nani, akinyamaza mwache. Jumatatu tangulia mwenyewe kwa mwenyekiti wa mtaa, umweleze, ndipo urudi umchukue mwende pamoja kwa afisa ustawi. Aende ameoga na shati safi, watu wa ofisini wanaangalia shati. Afisa akikuambia subiri, subiri, lakini turubai la kibarazani unaweza kulifunga leo hii, mvua haimsubiri afisa. Wakati huo toa makatoni, nunua neti, chonga funguo mbili. Na shemeji aambiwe kabla, asije akakutana na kijana mlangoni. Watoto wako pia.