Kabla Hujatoa Maoni Kuhusu Hukumu Iliyosomwa Leo

Simu ya mwandishi wa habari humfikia mwalimu wa sheria kabla ya hukumu yenyewe kumfikia. Mwandishi ana dakika kumi, kichwa cha habari ameshakiandika, na anatafuta sentensi moja ya kukitia nguvu. Mjibu hivi: "Nitumie nakala, kisha unipigie baada ya saa moja." Akisema hawezi kusubiri, mwache atafute mwingine. Msikilizaji anakuamini kwa sababu anadhani umeisoma hukumu. Kama hujaisoma, unatumia cheo chako kumpotosha.

Ukishaipata nakala, nenda kwanza mwisho, kwenye amri. Hapo ndipo mahakama inaposema rufaa imekubaliwa au imetupwa, yote au sehemu yake, nani abebe gharama, na nini kifanyike ndani ya siku ngapi. Kisha rudi kwenye orodha ya hoja zilizobishaniwa. Kando ya kila hoja andika ndiyo, hapana, au haikuamuliwa. Sababu zisome baada ya hapo, ukijua tayari zinaelekea wapi.

Kuanza ukurasa wa kwanza na kuishia wa tatu kumewaumbua wakubwa. Tarehe 28 Juni 2012 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu kuhusu sheria ya bima ya afya ya serikali ya Obama. Jaji Mkuu John Roberts alianza kwa kueleza kwamba mamlaka ya Bunge ya kusimamia biashara hayatoshi kumlazimisha mtu kununua bima. CNN na Fox News zikatangaza kwamba kifungu cha kulazimisha watu kununua bima kimeanguka. Kurasa chache mbele, Roberts huyohuyo alisema kifungu kinasimama kwa mamlaka ya kutoza kodi, na majaji watano kati ya tisa wakakihifadhi. Serikali ikikupa sababu mbili za kutetea sheria, kushindwa kwa moja hakukuambii lolote mpaka uone hatima ya nyingine.

Hesabu ya majaji nayo hufanywa hoja kwa hoja. Katika hukumu ya mahakama hiyohiyo ya tarehe 24 Juni 2022, kwenye shauri la Dobbs, majaji sita walikubali kwamba sheria ya Mississippi iliyokataza utoaji mimba baada ya wiki 15 ibaki. Waliotaka hukumu ya Roe ya mwaka 1973, iliyotambua haki ya kikatiba ya kutoa mimba, ifutwe kabisa walikuwa watano tu, kwa kuwa Roberts aliona kesi ingeweza kumalizwa bila kufika huko. Anayesema "sita kwa tatu" hajakosea kuhusu matokeo, ila amekosea kuhusu kile ambacho watu wanakigombania. Chora jedwali: majina ya majaji kushoto, hoja juu, alama katikati. Ni kazi ya dakika tano, na itakuokoa kila mara jopo linapogawanyika.

Sasa tuje kwenye kosa tunaloliona mara nyingi kuliko yote, hata kwa wasomi: kulichukua shauri lililotupwa mlangoni kana kwamba limeamuliwa. Mahakama inaweza kulitupa kwa sababu aliyelileta hana hadhi ya kisheria ya kulifungua, muda umepita, mahakama haina mamlaka, au pingamizi la awali limekubaliwa. Katika yote hayo, swali la msingi halijaguswa. Tarehe 13 Juni 2024 majaji wote tisa wa mahakama hiyohiyo ya Marekani walisema madaktari na vyama vilivyopinga taratibu za kutolewa kwa mifepristone, dawa ya kutoa mimba, hawakuwa na hadhi ya kufungua shauri lile. Aliyetangaza kwamba mahakama imeihalalisha dawa alisema jambo lisiloandikwa popote. Msikilizaji aelezwe waziwazi: mlango umefungwa kwa huyu, mwingine anaweza kubisha kesho kwa hoja zilezile.

Amri za muda zinahitaji uangalifu huohuo. Jaji anayetoa zuio la muda hupima kama kuna hoja inayostahili kusikilizwa na kama madhara yatakayotokea kabla ya hukumu hayatarekebishika. Hajasema nani atashinda. Mfano mzuri ni amri ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya tarehe 26 Januari 2024, katika shauri la Afrika Kusini dhidi ya Israeli. Wengi waliielewa kuwa mahakama imeona dai la mauaji ya kimbari lina uwezekano wa kuwa kweli. Miezi michache baadaye Joan Donoghue, aliyekuwa rais wa mahakama hiyo amri ilipotolewa, alieleza hadharani kwamba kilichopimwa ni haki ya Wapalestina ya kulindwa dhidi ya mauaji ya kimbari, pamoja na haki ya Afrika Kusini ya kulileta dai hilo. Neno moja likihamishwa kutoka kwenye "haki" kwenda kwenye "dai", habari nzima inageuka. Kwa hiyo ukinukuu amri ya muda, nukuu sentensi kamili.

Wakati mwingine uamuzi hutoka leo na sababu zikafuata. Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba 2017 kwa majaji wanne dhidi ya wawili, na hukumu yenye sababu kamili ikasomwa tarehe 20. Katika siku hizo 19 mtaalamu aliweza kueleza kilichotangazwa, pamoja na uchaguzi wa marudio ndani ya siku 60. Kiwango cha kasoro kinachotosha kufuta uchaguzi kilikuwa bado kinasubiri maandishi, na aliyekifafanua mapema alikuwa anabahatisha.

Ukiwa hewani, panga sentensi tatu: mahakama iliulizwa nini, imeamuru nini, na hatua inayofuata ni ipi na kwa muda gani. Maoni yako binafsi yaje baadaye, na uyatangaze kuwa maoni: "Kwa mtazamo wangu, jaji amekosea hapa." Ukisoma maneno makali ya jaji aliyepinga, taja kwamba ni ya wachache, maana yakikatwa na kusambazwa yataonekana kuwa sauti ya mahakama. Kama uliwahi kumwandikia mmoja wa wahusika ushauri wa kisheria, au ulifika mahakamani kama rafiki wa mahakama (asiye mhusika anayeisaidia mahakama kwa hoja) katika shauri hilo, liseme kabla ya jambo lingine lolote, hata kama mtangazaji hakuuliza.

Na ukigundua umekosea, mpigie mwandishi siku hiyohiyo ukiwa na sentensi ya marekebisho iliyo tayari, ikitaja namba ya aya. Mhariri hana muda wa kukutungia. Kwenye ukurasa wako mwenyewe acha kosa lionekane, uweke sahihisho juu kabisa pamoja na tarehe, ili mwanafunzi aliyekwisha kunakili maneno ya kwanza aone kilichobadilika.