Maswali yenu: Sishiki tena maiki, je wito wangu umeisha?

SWALI: Shikamoo mama, Bwana Yesu asifiwe. Mimi nina miaka 27 niko Uyole, Mbeya. Tangu nimalize fomu foo nilikuwa timu ya uinjilisti ya vijana hapa ushirikani kwetu, tumeenda misheni Chunya machimboni, tumeenda Kyela, mimi ndo nilikuwa nahubiri kwenye mikutano mpaka sokoni watu wakawa wananiita mtumishi. Afu nikaolewa, nikajifungua, wakachaguliwa wengine. Sa hivi nashinda na mtoto na biashara kidogo ya viazi, Jumapili nakaa benchi la nyuma kabisa. Yaani najiona si mtu tena. Hivi Mungu bado ana kazi na mimi? (Mama Mchanga, Uyole)

JIBU: Marahaba mwanangu, asifiwe sana. Kwanza hongera kwa mtoto, maana kwenye barua umempitia harakaharaka utafikiri yeye ndo kakukosesha kazi ya Mungu, na huyo ni mtu wa kwanza kabisa atakayemjua Yesu kupitia wewe.

Hayo maumivu ni ya kweli na asikwambie mtu kwamba ni kiburi. Watu wamekuita mtumishi miaka yote hiyo, leo wanakuita mama nani sijui, lazima moyo uulize sasa mimi ni nani. Ila angalia Marko sura ya 3, pale Yesu anachagua wale 12, sababu ya kwanza inayotajwa ni kwamba wawe pamoja naye, halafu ndo awatume wakahubiri. Sisi tunairuka ile ya kwanza tunakimbilia kutumwa, basi siku safari zikiisha tunabaki hatujui tusimame wapi. Na wale 70 kwenye Luka 10 walirudi misheni wanachekelea kwamba hata pepo wanawatii, Yesu hakuwaambia kazi yao mbaya, aliwaambia wafurahi kwa kuwa majina yao yameandikwa mbinguni. Pale kwenye jina lako mwanangu hakuna kikao cha uchaguzi kinachoweza kukutoa.

We uko Uyole, Rungwe sio mbali. Wamisionari wa kanisa la Moravian kutoka Ujerumani walifika pale mwaka 1891 wakajenga kituo, wengi tunaijua hiyo habari na tunaisimulia kwenye kila jubilei. Tunayoisahau ni ya vita ya kwanza ya dunia, maana 1916 wale Wajerumani waliondolewa, na baadaye ndo Waskoti wa misheni ya Livingstonia, kule Malawi, wakaja kusaidia, lakini waliolibeba kanisa ni Wakristo wa hapahapa, watu wa kulima migomba na maharage, wakaendelea kusali na kufundishana na kuzika wafu wao. Wengi wao hata majina hatuyajui leo, na mimi nikiwafikiria wale napata nguvu kuliko mkutano wowote wenye spika kubwa.

Sasa ufanye nini? Hapo sokoni kuna wanawake wanaokufahamu tangu ukiwa unahubiri, kuna wasichana wamejifungua wako peke yao hawana hata wa kuwaletea uji, anza na mmoja. Dorkasi wa Yafa hakutajwa kwa mahubiri, alipokufa wajane walisimama wanalia wanaonyesha nguo alizowashonea. Na jioni moja kwa wiki baba mtoto abaki na mtoto, wewe uende ibada ya nyumba kwa nyumba ukaombe na wenzio, mwambie bila kuogopa.

Na hapa niseme na viongozi wa makanisa: binti akiolewa tunamtoa kwa vijana, kwa akina mama anaonekana bado mtoto, anabaki katikati hana pa kushika, afu tunashangaa kapoa. Mnapoteza watu mliowalea wenyewe. Mwiteni huyu awafundishe wale mabinti wanaoenda Chunya leo, machimbo yale anayajua.

SWALI: Mama shikamoo, mimi ni fundi seremala Mafinga, nataka niuze karakana nikawe mmisionari moja kwa moja maana kupiga randa vitanda naona hakuna maana mbele za Mungu. Unasemaje? (Fundi, Mafinga)

JIBU: Marahaba baba. Usiuze kitu kwanza. Hao Wamoravian ninaowasema, wamisionari wao wa kwanza kabisa kutumwa nje mwaka 1732 kule kisiwa cha St. Thomas, Karibiani, kwa watumwa walikuwa wawili, Leonhard Dober mfinyanzi na David Nitschmann seremala kama wewe, na useremala ndo uliowapatia chakula. Paulo naye Korintho alishona mahema na Akila na Prisila huku anahubiri. Kwa hiyo tatizo lako silioni kwenye randa, nalihisi kwenye kuamini kwamba Mungu anakuona ukiwa madhabahuni tu. Muulize mchungaji kama kuna mtaa mpya wa kanisa hauna mabenchi, nenda kaa nao wiki mbili, watengenezee na ule nao na usali nao, ukirudi bado moyo unawaka ndo muongee habari ya chuo cha Biblia. Na hujasema kama una mke, kama unaye basi yeye ndo aulizwe kabla ya mchungaji.