Faili chukua popote, ufunguo upitie njia nyingine

Hapa Dar, ISO (faili la kusakinishia) ya mfumo wa kompyuta wa Debian, ya GB karibu 4, watu wengi hawaidaunlodi. Wanainakili kwa flashi ya jamaa wa ofisini au duka la kompyuta Kariakoo, maana bando ni pesa. Hakuna ubaya: saini ya kidijitali haijali faili limepita mikononi mwa nani. Cha muhimu ni ufunguo wa umma, yaani ule wa kukagulia saini, na huo usiutoe kwenye flashi ileile. Aliyelichezea faili hashindwi kukuwekea na ufunguo wake pembeni.

Nakili ISO pamoja na SHA512SUMS (orodha ya hashi, yaani namba za kutambulisha kila faili) na SHA512SUMS.sign (saini ya orodha hiyo). Ufunguo uvute mwenyewe kutoka keyring.debian.org, hauli bando. Kisha, kwa gpg, programu ya kukagua saini:

gpg --verify SHA512SUMS.sign SHA512SUMS
sha512sum -c --ignore-missing SHA512SUMS

Amri ya pili ndiyo husahaulika. Saini imewekwa kwenye orodha ya hashi, si kwenye ISO, kwa hiyo ukiishia ya kwanza ISO yenyewe bado hujaikagua.

Ukiona "Good signature" ikifuatiwa na WARNING, usishtuke, wala usishangilie. Maana yake hesabu zimekubali, ila gpg haijui ufunguo ni wa nani. Jina lililo juu yake yeyote anaweza kuliandika. "No public key" ni kwamba ufunguo huna tu. "BAD signature" ndiyo ya kufuta faili.

Sasa linganisha alama ya ufunguo (fingerprint, utambulisho wake) na ile iliyoko www.debian.org/CD/verify. Ifungue kwa data ya simu kama kompyuta iko kwenye WiFi ya ofisi. (Hapa siiandiki makusudi: usichukue alama kwenye makala ya mtu.) Soma herufi na tarakimu zote 40. Nane za mwisho hazitoshi. Mwaka 2016 kwenye seva za funguo ulikutwa ufunguo bandia wenye jina la Linus Torvalds, na nane zake za mwisho zilifanana na za ule halisi.

Zikilingana, uthibitishe ufunguo huo kwenye kompyuta yako kwa gpg --lsign-key, ambayo inadai uwe na ufunguo wako mwenyewe. Wapo wanaoshauri uweke imani ya daraja la 5, la juu kabisa, ili onyo linyamaze. Usifanye. Daraja hilo ni la funguo zako tu; ukimpa mwingine, gpg itakubali na kila ufunguo aliousaini yeye.