Shule za Kikatoliki Ontario: wazazi na wanafunzi wanauliza

Ontario, mkoa wa Canada, ina bodi 72 za shule zinazogharimiwa na serikali ya mkoa, na 37 kati yake ni za Kikatoliki: 29 za Kiingereza na 8 za Kifaransa. Hakuna karo. Makaratasi ndiyo yanayowasumbua wazazi wengi, na barua za mwezi huu zinalionyesha hilo.

Watoto wangu wawili, wa gredi ya 2 na ya 5, walibatizwa Uvira. Vyeti vilipotea tulipokimbia. Bodi ya Kikatoliki itawapokea? (Mama, London, Ontario)

Pole kwa yaliyowapata, mama. Usikate tamaa mapema. Kwa shule za msingi, yaani kuanzia chekechea hadi gredi ya 8, bodi nyingi hutaka cheti cha ubatizo cha mtoto au cha mzazi mmoja Mkatoliki. Kama cha kwako au cha baba yao kipo, anza na hicho.

Kama hakuna hata kimoja, iandikie parokia waliyobatizwa. Taja jina la mtoto kama lilivyotamkwa siku ile, majina ya wazazi na ya wasimamizi wa ubatizo, mwezi na mwaka, na kigango au kanisa lenyewe. Bila jina la kigango, karani wa parokia atapekua vitabu vingi bure. Kinachokwamisha watu mara kwa mara ni majina: kitabu cha parokia kina jina la ubatizo na la baba, karatasi za uhamiaji zina majina yaleyale yaliyogeuzwa mpangilio au kukatwa. Mwombe padre aandike barua fupi yenye mhuri kwamba majina yote mawili ni ya mtoto mmoja.

Parokia ikishindwa kujibu, nenda kwa paroko wa hapo unapoishi pamoja na mtu mzima aliyeshuhudia ubatizo. Kanuni ya 876 ya Sheria za Kanisa inasema ushahidi wa mtu mmoja asiye na shaka unatosha kuthibitisha ubatizo, ikiwa hakuna anayedhurika. Barua ya paroko ipeleke bodi. Uamuzi wa mwisho ni wao, ila barua hiyo ina uzito.

Tena jambo moja ambalo wazazi huogopa kuliuliza: kifungu cha 49.1 cha Sheria ya Elimu ya Ontario kinakataza shule kumkataa mtoto kwa sababu tu yeye au mzazi wake hana kibali cha kuishi Canada.

Binti yangu alizaliwa Mwanza mwaka 2014 na kadi yake ya kliniki imejaa. Mbona tumeandikiwa kwamba atasimamishwa shule kwa kukosa chanjo? (Baba, Hamilton)

Barua hiyo imetoka ofisi ya afya ya jamii ya eneo lenu. Shule na bodi hutekeleza tu. Sheria ya Ontario inadai kinga dhidi ya dondakoo, pepopunda, kifaduro, polio, surua, matumbwitumbwi, rubela na homa ya uti wa mgongo, na kwa waliozaliwa mwaka 2010 au baadaye, tetekuwanga pia. Kadi iliyokamilika kwa ratiba ya Tanzania inaweza kuwa pungufu kwa ratiba ya huku.

Anza na surua. Nyumbani dozi ya kwanza hutolewa mtoto akiwa na miezi 9. Ontario haiihesabu, kwa sababu dozi ya kwanza inayokubaliwa ni ile iliyochomwa siku ya kutimiza mwaka mmoja au baadaye. Mtoto aliyechanjwa miezi 9 na miezi 18 anahesabiwa dozi moja tu. Pili, sindano ya nyumbani ni ya surua na rubela. Matumbwitumbwi haimo, na hapa inatakiwa. Tetekuwanga nayo haimo kwenye ratiba ya kawaida ya kwetu, na hapa inatakiwa dozi mbili. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo pia haionekani kwenye kadi nyingi. Tazama vilevile kama binti alipata dozi za kuongezea za pepopunda, dondakoo, kifaduro na polio baada ya zile za uchanga.

Chukua kadi, andika tafsiri ya Kiingereza ya kila mstari kwenye karatasi ya pembeni, na uandike mwezi kwa maneno. Tarehe 03/04/2015 kwetu ni Aprili 3, lakini karani wa huku anaweza kuisoma Machi 4. Halafu nenda kwa daktari wa familia au kliniki ya afya ya jamii. Chanjo zilizo kwenye ratiba ya mkoa hazilipiwi. Sindano ya surua na ya tetekuwanga zichomwe siku moja, au ziachane kwa majuma manne. Zikikaribiana zaidi ya hapo, ya pili haitahesabiwa na itarudiwa.

Ukishamaliza, kazi bado. Daktari hapeleki taarifa moja kwa moja, na kumwachia mwalimu karatasi hakusaidii. Mzazi mwenyewe ndiye anayeripoti ofisi ya afya ya jamii, kwa simu au kwenye mfumo wao wa mtandaoni uitwao ICON. Hapa ndipo familia nyingi hukwama: mtoto kachanjwa, rekodi haikufika. Kusimamishwa kunaweza kufika siku 20 za masomo, na huondolewa mara rekodi ikikubaliwa.

Shikamooni. Tuko gredi ya 10, tunataka kukusanya chakula cha makopo kwa ajili ya familia zenye shida. Je, saa zetu zitahesabiwa kwenye zile 40, na tuanzie wapi? (Wanafunzi, Windsor)

Marahaba, wanetu. Ndiyo, saa 40 za kujitolea ni sharti la diploma, na kazi hii ni halali. Msihesabu muda wa vipindi. Saa ya chakula cha mchana, jioni na Jumamosi zinafaa. Kazi yenye malipo haihesabiwi, wala kazi za nyumbani kwenu. Kabla ya kuanza, someni orodha ya bodi yenu ya kazi zinazokubaliwa, maana baadhi ya bodi huongeza masharti. Sahihi ya aliyewasimamia ipatikane siku ileile. Msimamizi akishahama, saa zenu zimepotea.

Sasa mradi wenyewe. Ongeeni kwanza na mahali mnapopeleka: parokia, Shirika la Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, au benki ya chakula. Waulizeni wanapungukiwa na nini na wanapokea siku gani. Darasa lisipoambiwa, litaleta tambi na supu tupu, wakati kinachotakiwa ni maharage, samaki wa kopo, mafuta na maziwa ya watoto. Kataeni chupa za kioo, makopo yaliyovimba au yenye kutu kwenye ukingo, na maziwa ya watoto yaliyopita tarehe.

Uzito ndio huwashangaza wengi. Makopo 24 ya mililita 540 ni kama kilo 15. Sanduku la karatasi za kuchapia likijazwa hadi juu hupasuka chini ngazini. Lijazeni nusu, bandikeni aina ya chakula ubavuni, si juu ya kifuniko, kwa sababu masanduku hupangwa yakibebana. Gari la kubebea litafutwe wiki mbili kabla, na mzazi atakayesaidia ndani ya shule aulize mapema kuhusu cheti cha polisi. Foleni yake inaweza kuwa ndefu.

Kijana wangu anataka kuwa mjumbe mwanafunzi wa bodi. Ana nguvu gani hasa? (Mama, Mississauga)

Kila bodi ina mjumbe mwanafunzi mmoja hadi watatu. Anakaa mkutanoni, anazungumza, na anaweza kudai kura yake iandikwe, ingawa haiamui. Kikao cha faragha kinachogusa siri za watu binafsi hakihudhurii. Akihudumu mwaka mzima hupewa posho ya dola 2,500. Kwenu kuna la ziada: Juni 2025 waziri wa elimu, Paul Calandra, aliiweka bodi ya Kikatoliki ya Dufferin-Peel chini ya msimamizi, sawa na ile ya Toronto, na mamlaka ya wajumbe yakahamia kwake. Kijana aulize shuleni kwanza nafasi hiyo inafanyaje kazi sasa. Kazi ya kuwasikiliza wenzake bado ni ya thamani, agombee.

Sisi ni Waislamu kutoka Mombasa. Sekondari iliyo jirani ni ya Kikatoliki. Tunaruhusiwa? (Baba, Ottawa)

Ndiyo. Sharti la ubatizo linahusu shule za msingi. Tangu sheria ya mwaka 1986 iliyoeneza ufadhili hadi mwisho wa sekondari, milango ya sekondari iko wazi kwa wanafunzi wa dini zote. Kwa kawaida bodi huweka somo la dini kila mwaka. Ukitaka mwanao asilisome, andika barua kwa bodi ukiomba msamaha wa somo hilo, weka tarehe na sahihi, na ubaki na nakala. Ipeleke wakati wa kuchagua masomo, kabla ratiba haijapangwa, ili nafasi hiyo ipewe somo jingine lenye kuhesabika kwenye diploma.