Ilani au notisi?

Mwanangu Mwanaidi,

Wa alaykum salaam. Ujumbe wako nimeusoma jana baada ya alasiri, nimekaa barazani hapa Ngamiani. Unauliza: kwenye barua ya kuacha kazi uandike "natoa ilani ya siku 28" au "notisi"? Maana wenzako wamekucheka, eti ilani ni ya chama.

Wamekucheka bure, ila usishindane nao. Ilani ni neno la siku nyingi, asili yake Kiarabu, kutangaza jambo waziwazi. Siku hizi ukilitaja, mtu anangoja ahadi za maji na barabara. Nilipokuwa karani shamba la mkonge, ILANI ndiyo niliyoipiga taipu juu ya karatasi kwa herufi kubwa, tukaibandika mlango wa stoo, kila apitaye asome. Notisi hupewa mtu mkononi, na ina siku zake. Ndiyo maana baba mwenye nyumba hutoa notisi. Andika hiyo, au "taarifa" ukitaka Kiswahili laini.

Mimi nahofia tarehe kuliko neno. Siku moja bosi aliniagiza nipige notisi ya fundi wa korona (mashine ya kuchakata mkonge, si ule ugonjwa), niweke tarehe ya wiki tatu nyuma. Nikapiga. Kaboni ilichakaa, nakala ikatoka hafifu, lakini tarehe ilisomeka. Fundi akaisoma wima, mikono ina utomvu wa mkonge, akaniuliza, "Karani, hii ilikuwa wapi siku zote hizi?" Nikajifanya natafuta faili.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi iwe ya maandishi, yenye sababu na tarehe iliyotolewa. Kwa anayelipwa kwa mwezi, akishapita mwezi wa kwanza kazini, siku zisipungue 28. Mkataba wako ukisema zaidi, fuata mkataba. Na siku hizo zinakubana wewe kama zinavyombana mwajiri. Ile notisi ya saa 24 wanayojisifia watu ni kuzinunua siku kwa mshahara wako mwenyewe, nawe kodi ya nyumba inakungoja.

Toa nakala mbili. Ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa palepale, usikubali "niachie mezani".

Na ukipanga kuja Tanga, mpe mama yako siku mbili tatu. Safari iliyopita ulibisha hodi magharibi, tukalala na chai na mkate.

Baba yako