Jibu: Ukadiriaji majenzi na C ya hesabu

Mdogo wangu, unauliza kama ukadiriaji majenzi (kupima kazi za jengo na kukadiria gharama zake) utakushinda kwa sababu hesabu ulipata C. Hesabu zake ni za kawaida tu, kinachotesa ni umakini. Ukuta wa mita 6 kwa 3 wenye mlango wa 0.9 kwa 2.1: plasta ya upande mmoja ni mita za mraba 16.11, siyo 18, maana mlango unautoa. Mwaka wa kwanza nilisahau kutoa madirisha ya jengo zima, kazi ikarudi imejaa wino mwekundu!

Kozi ipo Chuo Kikuu Ardhi, Dar, miaka 4 (joto lile, sisi wa Moshi linatukomesha). Kabla hujaenda, tafuta saiti hapo Pasua au Majengo, omba umshikie fundi futi hata wiki mbili. BOQ (orodha ya kazi za jengo, vipimo na bei zake) utaielewa haraka zaidi.